Gari la Zamani Linachemsha: Kuchagua Feni ya Umeme na Kutafuta Kasoro Zake

Mtu mwenye gari la zamani linalochemsha hushauriwa mapema sana afunge feni ya umeme. Ushauri huo una ukweli ndani yake, ila mara nyingi hutolewa kabla swali la kwanza halijaulizwa: gari linachemsha likiwa wapi, na likifanya nini? Feni ya umeme hutibu ugonjwa mmoja tu, nao ni upungufu wa hewa inayopita kwenye rejeta wakati gari limesimama au linakwenda polepole. Magonjwa mengine ya mfumo wa kupoza injini hubaki palepale, na baadhi yake huzidi, kwa sababu mwenye gari anaamini ameshayatibu.

Maelezo haya yanatokana na Land Rover Series III ya petroli yenye injini ya lita 2.25, gari lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, ambalo ndilo ninaloliendesha na kulifungua mwenyewe. Feni yake ya asili imefungwa kwenye puli ya pampu ya maji na huzungushwa na mkanda, kwa hiyo injini ikizunguka polepole nayo huzunguka polepole. Corolla ya KE70, Datsun za zamani na pikapu nyingi za rika hilo zina mpangilio wa aina hiyohiyo, na yanayosemwa hapa yanazihusu pia.

Linachemsha wapi?

Ikiwa mshale wa joto unapanda kwenye foleni, kisha unashuka wenyewe baada ya gari kupata barabara iliyo wazi na kukimbia kwa dakika chache, dalili hiyo inaelekeza kwenye feni. Gari likifika mwendo wa kilomita 60 kwa saa hivi, upepo unaoingia kwa mbele huwa unatosha, na feni haina kazi kubwa tena. Kushuka kwa mshale kunathibitisha kwamba rejeta ina uwezo wa kupoza maji ikipewa hewa, na kwamba kinachokosekana ni hewa yenyewe.

Ikiwa gari linachemsha kwenye mwendo wa 80 au 90 katika barabara ya tambarare, usinunue feni. Hapo hewa ipo tele, na tatizo liko kwenye maji au kwenye injini: rejeta iliyoziba ndani kwa kutu ya miaka mingi ya kutumia maji ya bomba peke yake, mpira wa chini uliolegea unaojikunja pampu inapovuta maji kwa nguvu, mkanda unaoteleza, mapanga ya pampu ya maji yaliyoliwa na kutu, au taiming (wakati wa cheche ya plagi) iliyochelewa. Nje ya rejeta nako kutazamwe, kwa kuwa nyasi, wadudu na tope lililokauka katikati ya mapezi huzuia hewa isipite. Tope hilo hutolewa kwa maji ya shinikizo dogo yanayoelekezwa kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwani mashine ya kuoshea magari ikisogezwa karibu hulaza mapezi na kuziba njia uliyotaka kuifungua.

Njia rahisi ya kujua kama rejeta imeziba ni kuipapasa. Pasha injini moto hadi mpira wa juu uwe wa moto, zima gari, toa ufunguo, kisha pitisha kiganja karibu na mapezi kutoka upande mmoja hadi mwingine na kutoka juu hadi chini. Joto linapaswa kupungua taratibu kadiri maji yanavyosafiri. Ukikuta sehemu ya baridi katikati ya sehemu za moto, mirija ya hapo imeziba. Rejeta za shaba za magari haya zina faida kwamba fundi rejeta anaweza kuyeyusha risasi, kutoa tangi la juu, kupitisha chuma chembamba ndani ya kila mrija na kulirudishia tangi. Kazi hiyo mara nyingi hugharimu chini ya feni nzuri, na katika magari mengi niliyoyaona ndiyo iliyohitajika.

Hali ya tatu ndiyo ngumu kuihukumu: gari linachemsha kwenye mlima mrefu, kama Kitonga kwa anayekwenda Iringa. Pale injini inafanya kazi kubwa kuliko mahali popote safarini huku gari likitambaa nyuma ya malori, yaani joto ni jingi na upepo wa mbele karibu haupo. Mlima wa namna hiyo hupima feni na rejeta kwa pamoja. Iwapo gari halijawahi kuchemsha kwenye foleni na linachemsha Kitonga tu, nashauri rejeta isafishwe kwanza na kifuniko chake kibadilishwe, halafu ndipo feni ifikiriwe. Kifuniko si kitu kidogo. Kile kinachoshikilia shinikizo la bar 0.9 hufanya maji yasichemke hadi karibu nyuzi 118 kwa eneo la pwani, lakini spring yake ikichoka maji huchemka karibu na 100. Kadiri unavyopanda juu kutoka usawa wa bahari kiwango hicho hushuka: Iringa mjini, takriban mita 1,550, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi.

Gari linalochemsha mahali popote, hata asubuhi baada ya dakika kumi, lina tatizo ambalo feni haihusiki nalo kabisa. Fungua kifuniko injini ikiwa baridi, iwashe, utazame maji. Mapovu yanayotoka mfululizo wakati injini inazidi kupata moto yanaashiria kuungua kwa gasketi ya silinda hedi, kizibo kilicho kati ya hedi na bloku ya injini, na kila kilomita unayoongeza hapo unaigharimu hedi yenyewe. Kifuniko kisifunguliwe kamwe injini ikiwa ya moto.

Themostati iliyotolewa

Kabla ya kwenda dukani, hakikisha gari lina themostati, yaani kilango kinachofunguka kwa joto na kuyaruhusu maji ya injini kwenda kwenye rejeta. Magari mengi ya zamani hayana, kwa sababu fundi fulani aliitoa siku gari lilipochemsha na hakuna aliyeirudisha. Wengi huamini kwamba kuiondoa huyaachia maji njia pana zaidi na hivyo kuipoza injini. Katika injini nyingi, zikiwemo nyingi za Toyota, themostati ikifunguka huku juu huziba kwa sahani yake ya chini njia fupi inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiitoa, njia ile fupi hubaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani ya injini pasipo kuiona rejeta. Gari hilo litakuwa baridi kupita kiasi likiwa tupu barabarani na litachemsha likipewa mzigo. Hata ukilifungia feni mbili, maji yasiyofika kwenye rejeta hayapozwi.

Tena themostati ndiyo inayoamua swichi ya feni, ile inayoiwasha na kuizima kwa joto la maji, iwe ya nyuzi ngapi, kama itakavyoelezwa, kwa hiyo bila yenyewe huwezi kuchagua swichi kwa usahihi. Ya nyuzi 82 inatosha kwa hali zetu. Ya 88 nayo haina ubaya kama rejeta ni nzima.

Kuchagua: ampea kwanza, inchi baadaye

Feni yangu ya kwanza niliichagua kwa inchi. Ilikuwa ya inchi 16, boksi lake limeandikwa tarakimu kubwa za kiasi cha hewa, na bei yake ilinifurahisha. Kwenye foleni ya mjini ilinisaidia. Kitonga, nyuma ya lori lililokuwa likipanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, mshale uliingia kwenye nyekundu na nikalazimika kuegesha na kusubiri karibu saa nzima. Niliporudi nyumbani niliipima: ilikuwa ikila ampea 6 kwa volti 12.6, yaani wati 76 hivi. Kwa upana ilikuwa feni kubwa. Kwa kazi ilikuwa ndogo.

Tangu hapo sinunui feni kwa inchi wala kwa kiasi cha hewa kilichoandikwa kwenye boksi, kwa sababu kiasi hicho kwa kawaida hupimwa feni ikiwa hewani bila rejeta mbele yake, na rejeta ndiyo inayoipa feni ugumu. Kinachosema ukweli ni umeme inaoula. Hewa haisukumwi bure. Feni inayodai kufanya kazi kubwa kwa ampea 6 haiwezi kuifanya. Feni ya inchi 16 inayofaa kwa injini ya lita mbili au zaidi hula kati ya ampea 15 na 25 ikiwa imeshachanganya mwendo, na hula zaidi sana kwa sekunde moja au mbili za kuanza. Omba kuipima dukani kwa betri. Tumia kipimo cha kubana waya kinachosoma umeme wa DC, kwa kuwa maltimita nyingi za kawaida hukomea ampea 10 na fyuzi yake ya ndani itaungua. Isipokuwa na rejeta mbele yake feni inaweza kusoma tofauti kidogo na itakavyosoma garini, lakini ampea 6 hazitageuka 20.

Feni zilizotolewa kwenye magari ya kisasa, pamoja na kava lake la plastiki, huwa bora kuliko nyingi zinazouzwa mpya kwa bei ya chini. Mota zake zilitengenezwa kwa ajili ya gari halisi. Kabla ya kulipa, zungusha mapanga kwa kidole usikilize beringi, tikisa ekseli, na utazame kama plastiki ina nyufa.

Kava ni nusu ya feni. Chukua rejeta yenye upana wa sentimita 60 na kimo cha 40: eneo lake ni sentimita za mraba 2,400. Feni ya inchi 16, ambayo ni kama sentimita 40, inafunika takriban 1,260, zaidi kidogo ya nusu. Bila kava, hewa huvutwa katika duara hilo tu na pembe za rejeta hubaki zimelala. Kava linalofunika rejeta nzima na kuiacha feni kwenye tundu lake, likiwa na nafasi ya sentimita mbili au tatu kati yake na mapezi, huifanya rejeta yote ishiriki. Bati jembamba la alumini lililokunjwa na fundi bati linatosha kabisa. Kwenye kava kubwa ni vyema kuweka vipande vya mpira vinavyofunguka vyenyewe kwa upepo wa mwendo kasi, ili kava lisigeuke kizuizi barabara kuu.

Iweke nyuma ya rejeta, upande wa injini, ivute hewa. Mbele ya rejeta iwekwe pale tu ambapo nafasi ya nyuma haipo, kwa sababu feni ya mbele huziba upepo wa mwendo na hupokea mawe na matope. Kabla ya kununua pima nafasi kati ya rejeta na ncha ya pampu ya maji baada ya feni ya zamani kutolewa, kisha utoe sentimita mbili na nusu, kwani injini husogea juu ya mpira wake kila unapokanyaga breki. Ukitoa feni ya zamani, angalia boliti za puli: zilezile zilizokuwa zimeishikilia feni huenda sasa zikawa ndefu mno.

Usikubali feni ifungwe kwa vijiti vya plastiki vinavyochomwa katikati ya mapezi. Ni rahisi na ni haraka, lakini mtikisiko wa barabara ya vumbi huvifanya visugue mirija, na baada ya miezi kadhaa rejeta huanza kuvuja katika sehemu nne zilizo sawasawa na pembe za feni. Tengeneza mikono ya chuma inayoshika fremu ya rejeta.

Kuna magari ambayo singeyafungia feni ya umeme. Land Cruiser ya dizeli inayobeba mzigo milimani, ikiwa na feni yake ya kluchi ya mafuta ya silikoni (kluchi inayoikaza feni joto likipanda) iliyo nzima, tayari ina feni yenye nguvu kuliko karibu feni yoyote ya umeme utakayoipata. Kama inachemsha, ipime kluchi: injini ikiwa ya moto na imezimwa, feni izungushwe kwa mkono, ikizunguka huru mizunguko mingi, au ukiona mafuta yamevuja katikati yake, badilisha kluchi na uiache feni ilipo.

Je, alteneta itaimudu?

Swali hili huulizwa baada ya betri kufa, nalo lilipaswa kuwa la pili. Series III nyingi zilitoka na alteneta ya Lucas 16ACR, ambayo kilele chake ni ampea 34, na kilele hicho hakipatikani injini ikiwa inanguruma taratibu kwenye foleni. Hesabu usiku wa mvua: taa kubwa ampea 9 hadi 10, taa ndogo na za dashibodi 3, waipa 4, mfumo wa kuchoma mafuta 4. Hizo ni ampea 20 au 21 kabla ya feni. Ukiongeza feni ya ampea 20, betri inalipa upungufu, na foleni ya saa moja na nusu inatosha kuiacha haiwezi kuwasha gari. Magari ya zamani zaidi yenye jenereta ya Lucas C40 ya ampea 22 hayana nafasi hiyo kabisa. Alteneta ya ampea 60 au zaidi ndiyo mwenzake wa feni ya kweli, na gharama yake iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Dalili baada ya kufunga

*Feni inazunguka lakini gari linachemsha vilevile.* Chukua kipande cha gazeti ukiweke mbele ya rejeta, injini ikiwa imesimama na feni inazunguka. Kinapaswa kunata kwenye mapezi na kubaki hapo. Kikisukumwa, feni inazunguka kinyume: nyaya mbili zimebadilishana, au gari ni la Kiingereza la kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 lenye chanya kwenye bodi. Kikinata katikati na kuanguka pembeni, tatizo ni kava.

Ikiwa karatasi inanata kivivu kote, pima volti kwenye nyaya za feni yenyewe huku ikifanya kazi, si kwenye betri. Waya wa milimita 1.5 za mraba wenye urefu wa mita mbili kwenda na mbili kurudi hupoteza karibu volti 1 kwa ampea 20, na feni hupoteza mwendo pamoja nayo. Wa milimita 4 hupoteza theluthi moja ya volti. Halafu gusisha maltimita kati ya waya hasi wa feni na nguzo hasi ya betri. Ikisoma zaidi ya volti 0.3 hivi, waya wa ethi, yaani huo hasi, umefungwa vibaya. Kwenye Land Rover kosa hili ni la kawaida, kwa kuwa bodi yake ni ya alumini iliyounganishwa kwa boliti, na ethi iliyofungwa kwenye mudigadi hupitia viungo vilivyooza kabla ya kufika kwenye chesisi. Peleka waya huo moja kwa moja kwenye betri.

*Feni haizimi.* Mara nyingi swichi imechaguliwa chini ya themostati. Swichi ya kuwasha kwenye 82 na kuzima kwenye 77, ikiwekwa upande wa maji ya moto wa injini yenye themostati ya 82, haitazima hata siku moja wakati wa kazi, kwa sababu maji hayawezi kushuka chini ya kiwango ambacho themostati inakilinda. Kwa themostati ya 82, swichi inayowasha kati ya 92 na 95 na kuzima karibu na 87 inafaa kwenye mpira wa juu. Kama imewekwa upande wa chini, ambako maji yameshapoa, chagua ya chini zaidi.

*Feni haiwaki na gari lina moto.* Chomoa waya wa swichi ya joto uuguse kwenye ethi, ufunguo ukiwa umewashwa. Feni ikiwaka, rilei (swichi ya umeme inayopitisha ampea nyingi za feni) na mota ni nzima, na kasoro ni swichi, au maji yamepungua hadi swichi imebaki kwenye mvuke. Jambo hilo la pili hupuuzwa: swichi inayosoma maji haiwezi kusoma hewa, kwa hiyo gari linalovuja hunyimwa feni wakati hasa inapohitajika. Isipowaka, fuata umeme kutoka betri: fyuzi, nambari 30 ya rilei, 87, kisha mota. Nambari 86 hupokea umeme wa ufunguo na 85 huenda kwenye swichi ya joto.

*Fyuzi inaungua feni inapoanza.* Feni ya ampea 20 inahitaji fyuzi ya 30 ili istahimili mwanzo wake. Ikiungua hata hivyo, zungusha mapanga kwa mkono betri ikiwa imechomolewa. Ugumu wowote unamaanisha beringi zimekufa au panga linagusa kava. Kuongeza fyuzi juu ya uwezo wa waya ni kuuandaa moto.

*Soketi ya rilei imeyeyuka.* Temino zimelegea. Hubanwa kwa koleo lake na kubadilishwa soketi, na rilei iwe ya ampea 40 inayofungwa mbali na maji, temino zikitazama chini.

Jaribio la mwisho kabla ya safari

Gari likiwa limeegeshwa kivulini, liwashe na uliache lingurume kwa dakika 30. Feni inapaswa kuwaka, kushusha joto na kuzima kwa zamu, na muda wake wa kupumzika usizidi kufupika kadiri dakika zinavyopita. Rudia mchana juani ukiwa umewasha taa kubwa, huku maltimita ikiwa kwenye betri: isomeke juu ya volti 13 hata feni ikiwa inafanya kazi. Ikishuka chini ya 12.6 na kuendelea kushuka, alteneta imeshindwa, na safari ya usiku isubiri hadi ibadilishwe. Kisha funga safari ya mlima mfupi ulio karibu nawe ukiwa na nusu ya mzigo, na feni ya zamani pamoja na boliti zake iwe nyuma ya kiti, kwa sababu ndani ya nusu saa na kwa spana chache inaweza kurudi kwenye pampu na kukufikisha nyumbani.